Acheni kufunga tiketi za watu kwa net user peke yake (Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe mnanielewa)

Mlima_Loleza (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo salamu tuziweke pembeni.

Hii tabia imeota mizizi kwenye ofisi za huku kwetu, kuanzia Iringa mjini, Mafinga, Makambako, Njombe, mpaka Mbeya na Tunduma. Mtumishi analalamika foda la idara halifunguki. Dawati la msaada makao makuu linaandika `net user jina /domain` (amri ya Windows inayoonyesha akaunti na makundi yake), linatupia jicho mistari miwili ya chini, linajibu: "Yumo kwenye kundi, tatizo ni kompyuta yenu." Tiketi (ombi la msaada) imefungwa. Au linajibu kinyume chake: "Hayumo kwenye kundi, leteni barua ya maombi." Barua inaandikwa, inagongwa muhuri, inapanda Dar, inarudi, kumbe mtu alikuwemo tangu mwanzo. Huu ni ubabaishaji, na wanaoufanya wana vyeti ukutani.

Amri za `net` tumezirithi kutoka enzi za LAN Manager, kabla Active Directory (daftari la akaunti na makundi ya domeni, yaani mtandao wa ofisi unaosimamiwa pamoja) haijaja na Windows 2000. Kwenye domeni za NT (Windows ya seva ya kabla ya hapo) kundi la global lilibeba watumiaji tu, kundi ndani ya kundi la aina hiyo halikuwepo. Kwa hiyo amri haikuwahi kufundishwa kulitafuta. Nyie leo mnapanga hivi: wahasibu wa Mbeya wanawekwa kwenye kundi lao, kundi hilo linaingizwa kwenye kundi la kanda, na la kanda ndilo lenye ruhusa kwenye foda. Ukiandika `net user` unaona la Mbeya tu. Ukigeukia upande wa pili na `net group "Wahasibu-Kanda" /domain`, unapewa watumiaji walioingizwa moja kwa moja, makundi yaliyomo ndani hayatajwi hata kwa jina. Kundi linalohudumia kanda nzima linaweza kutoka tupu kwenye skrini. Ndipo mtu anaandika "hayumo" kwa kujiamini kabisa.

Halafu kuna hili ambalo ni aibu zaidi, kwa sababu linaonekana kwa macho. `net user` inakata jina la kundi likivuka herufi 21. Chukulieni mfano wa makundi mawili, `Nyanda-Mbeya-Mafaili-Kusoma` na `Nyanda-Mbeya-Mafaili-Kuandika`. Yote mawili yanatoka hivi:

`Global Group memberships     *Nyanda-Mbeya-Mafaili-*Domain Users`

Mnaona nyota ya Domain Users ilivyogandana na kistari? Hiyo ndiyo dalili kwamba jina limekatwa. Hapo nani anajua mtu ana ruhusa ya kusoma au ya kuandika? Hakuna. Lakini tiketi inajibiwa "ana ruhusa zote".

Na ukitafuta kundi la domain local (aina nyingine ya kundi, siyo global) kwa `net group`, unapewa kosa 2220, kundi halijapatikana. Halijapotea popote, la aina hiyo linaulizwa kwa `net localgroup "jina la kundi" /domain`. Nimeona majibu rasmi yakisema "kundi lilifutwa". Lilifutwa na nani?

Amri za kutumia zipo, na hazihitaji ununue chochote. Kwenye kompyuta yenye RSAT (zana za Microsoft za kusimamia domeni kwa mbali):

`dsquery user -samid jina | dsget user -memberof -expand`

Hiyo `-expand` ndiyo inayofungua makundi yaliyomo ndani ya makundi. Ukiiacha, umerudi kulekule. Kwa upande wa kundi:

`dsquery group -samid "Wahasibu-Kanda" | dsget group -members -expand`

Wa PowerShell, `Get-ADGroupMember "Wahasibu-Kanda" -Recursive`. Ila msidanganyike na `Get-ADPrincipalGroupMembership`: jina refu, lakini inaonyesha makundi ya moja kwa moja tu. Kumpata mtumiaji na makundi yake yote mpaka juu, chukua DN yake (jina lake kamili ndani ya Active Directory) kwanza kisha umwachie DC (seva inayosimamia domeni) kazi ya kufuata mnyororo:

`$dn = (Get-ADUser jina).DistinguishedName`
`Get-ADGroup -LDAPFilter "(member:1.2.840.113556.1.4.1941:=$dn)"`

Domain Users haitatokea hapo, wala kwenye memberOf (sifa inayotaja makundi ya mtumiaji), kwa sababu kundi la msingi linahifadhiwa kwenye primaryGroupID (513). Msianze kufungua tiketi nyingine kwamba mtu "ametolewa Domain Users".

Na msije na kisingizio cha RSAT haipo. Kompyuta yoyote iliyoungwa kwenye domeni, kwa akaunti ya kawaida tu, inakubali hii:

`([adsisearcher]"(samaccountname=jina)").FindOne().Properties.memberof`

Hii ni ya moja kwa moja tu, lakini angalau majina yanatoka mazima.

---

Kitulo_Baridi

Mkuu umenena. Niongeze la upande wetu wa matawini, maana na sisi tuna madudu yetu.

Ushahidi wa mtu ana makundi gani *sasa hivi* ni `whoami /groups`, ikiandikwa kwenye kompyuta yake, ndani ya kikao chake. Fundi anafika mezani, anafungua dirisha la amri kwa "Run as administrator", anaweka akaunti yake mwenyewe, anaandika `whoami /groups`, anapiga picha, anaituma makao makuu. Ndugu yangu, hayo ni makundi yako wewe fundi! Andika `whoami` tupu kwanza uone jina la nani linatoka.

Pili, mtu akiingizwa kundini leo asubuhi, tokeni aliyoingia nayo (orodha ya makundi anayopewa akiingia) haijui. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi, atoke kabisa aingie upya. Na hapa ndipo matawi ya mbali yanaumia: kama laini ya makao makuu ilikuwa chini wakati anaingia, Windows inamruhusu kwa kumbukumbu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta (kwa kawaida inatunza watu 10 wa mwisho). Anaingia vizuri, intaneti baadaye inarudi, lakini makundi ni ya zamani. Msiamini `echo %LOGONSERVER%` hapo, inaweza kukutajia DC ambayo asubuhi hiyo haikuguswa kabisa. Andika `klist`. Usipoona tiketi ya krbtgt (kibali ambacho DC humpa mtu anapoingia), kuna uwezekano mkubwa aliingia kwa kumbukumbu. Atoke aingie tena laini ikiwa juu.

---

HQ_Zamu_ya_Usiku

Naona tunasemwa, basi na mimi niseme. Nusu ya tiketi zenu za "domeni haipatikani", kosa 1355, mnajitengenezea wenyewe. Mafundi wa Mwanjelwa na Uyole mnaingia kwenye kadi ya mtandao mnaweka DNS (seva inayotafsiri majina kuwa anwani) ya pili 8.8.8.8 "ili intaneti iwe nyepesi". Google haijui domeni yenu ya ndani. DNS ya kwanza ikichelewa kujibu kidogo tu, na laini zenu tunazijua, Windows inahamia ya pili, inaambiwa jina halipo, na inalikubali jibu hilo kama jibu halali. Ikishahamia huko haina haraka ya kurudi. Ndiyo maana tatizo linakuja na kupotea, mnasema "mtandao una mashetani".

Kabla hamjatupigia, andikeni hii:

`nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.lan`

Badilisheni ofisi.lan iwe jina la domeni yenu. Isipotoa majina ya DC, hakuna amri ya `net` itakayofanya kazi, iwe imeandikwa na nani. DNS zote mbili ziwe za ndani, na kazi ya kuuliza nje iachiwe seva yenyewe kwa forwarder.

Na saa! Umeme ukikatika, betri ya ubao imekufa, kompyuta inaamka mwaka mwingine. Kerberos (mfumo wa domeni wa kuthibitisha watumiaji) inavumilia tofauti ya dakika 5 tu, zaidi ya hapo mnakutana na kosa 1398 au na maswali ya nywila yasiyoisha. Mbaya zaidi ni yule anayeacha kanda ya saa ya Pasifiki ya Marekani halafu anasogeza mishale kwa mkono mpaka ifanane na ya ukutani. Ukiitazama iko sawa, ila kwa UTC imepotea saa 10 au 11. Anza na `tzutil /s "E. Africa Standard Time"`, kisha `w32tm /query /source`. Ikijibu Local CMOS Clock, hiyo kompyuta haimsikilizi DC.

---

Mlima_Loleza

@HQ_Zamu_ya_Usiku kuhusu 8.8.8.8 sina ubishi, wanaofanya hivyo waache leo.

Lakini na nyie mjibu hili. Andika `nltest /dsgetsite` kwenye kompyuta ya Njombe, halafu `nltest /dsgetdc:ofisi.lan`. Kwenye matawi mengi unakuta DC inayojibu iko Dar wakati kuna DC nzima Mbeya imekaa inapasha joto chumba. Sababu ni kwamba mtu aliongeza tawi, akatoa anwani za IP, hakusajili subnet (fungu la anwani za tawi) kwenye Sites and Services. Kompyuta haijui iko tovuti gani (yaani eneo gani la mtandao), inachukua DC yoyote. Fungueni `%SystemRoot%\debug\netlogon.log` kwenye DC zenu muone mistari ya NO_CLIENT_SITE imejazana na anwani za huku. Hiyo siyo kazi ya fundi wa tawini, hana ruhusa hiyo.

Na mkibadilisha kundi kwenye DC ya Dar, ya Mbeya haijui papo hapo. Kati ya tovuti na tovuti, muda uliowekwa na Windows yenyewe ni dakika 180, na unaweza kushushwa mpaka 15. Mmeuacha 180, mnatuambia "tumeshamwongeza, jaribuni tena", tunajaribu, hola, mnafunga tiketi. `net user` haikuambii ni DC gani imejibu. Ulizeni DC kwa jina:

`Get-ADUser jina -Server dc-mbeya -Properties memberOf`
`Get-ADUser jina -Server dc-dar -Properties memberOf`

Majibu yakitofautiana, ni replikesheni (DC kunakiliana taarifa). `repadmin /showrepl dc-mbeya` itawaambia imekwama wapi na tangu lini.

Halafu ule ukaguzi wenu wa "akaunti zisizotumika". Mnachukua Last logon ya `net user`, mnaona Never, mnazima akaunti ya mtu aliyeingia jana Tukuyu. lastLogon (ndiyo hiyo Last logon) hainakiliwi kati ya DC, kila DC ina yake. Mkitaka picha ya jumla tumieni lastLogonTimestamp, mkijua kwamba inaweza kuwa nyuma kwa siku 9 hadi 14. Kuzima mtu kwa sababu hajaonekana siku 7 kwenye sifa hiyo ni uonevu. Mkitaka tarehe kamili, ulizeni lastLogon kwa kila DC mchukue iliyo karibuni.

Na orodha ya watumiaji mliyotuma kanda nzima ina majina 100 kamili. Hamkushtuka? `dsquery` inaishia 100 usipoiambia `-limit 0`.

---

Mbao_za_Mafinga

Sisi wenye seva za Ubuntu na SSSD (programu inayounganisha Linux na domeni) tusisahaulike, maana jibu tunalopewa ni "Linux yenu haijaungwa vizuri".

Mtu anaandika `getent passwd`, anaona watumiaji wa ndani tu, anahitimisha domeni imekatika. SSSD haiorodheshi domeni nzima, `enumerate` imezimwa tangu kiwandani na ni vizuri ibaki hivyo. Muulize mmoja kwa jina: `getent passwd jina` au `id jina`. Kama `use_fully_qualified_names` imewashwa, lazima iwe `id jina@ofisi.lan`, vinginevyo utaambiwa hayupo.

Mabadiliko ya kundi nayo hayaonekani hapohapo, SSSD inatunza majibu sekunde 5400, yaani saa moja na nusu. Badala ya kuwasha upya seva ya watu saa za kazi:

`sudo sss_cache -u jina`
`id jina`

Na ukikuta `getent group wahasibu` inatoa kundi bila mtu hata mmoja, angalia kama kuna aliyeweka `ignore_group_members = True` kwenye sssd.conf. Inawekwa kuharakisha `id` kwenye laini nzito, na kwa kweli inasaidia, ila baada ya hapo orodha ya wanakundi usiiulize hapo. Uliza DC kwa `ldapsearch`, na uweke `-E pr=1000/noprompt`, maana Active Directory inakata matokeo 1000 kwa mkupuo. Tafadhali tumieni `-Y GSSAPI` baada ya `kinit` (kujitambulisha kwa Kerberos). Wanaoandika `-x -D ... -w nywila` kwenye mlango 389 bila TLS (usimbaji) wanatangaza nywila ya domeni mtandaoni wazi, na inabaki pia kwenye historia ya bash.

Wa winbind (programu nyingine ya kazi hiyohiyo) wao waanze na `wbinfo -t` na `wbinfo --ping-dc`. Hizo mbili zikipita, `wbinfo -r jina` itatoa namba za makundi.

---

HQ_Zamu_ya_Usiku

@Mlima_Loleza subnet na dakika 180 ni hoja, nazipeleka. Ila matawi mtuletee vitu vitatu kwenye kila tiketi: `whoami /groups` ya mtumiaji mwenyewe, `nltest /dsgetdc` na `ipconfig /all`. Bila hivyo sina namna ya kujua mko DC gani wala DNS gani.

---

Mlima_Loleza

Tutaleta. Tuleteeni na anwani za subnet mlizosajili kwa Njombe, Makambako na Tunduma, tuzilinganishe na zilizopo kwenye ruta zetu kabla hamjagusa kitu.