Tufani au kimbunga: tuonywe kwa neno lipi?

Mwana Kilwa: Wadau, nina hoja. Mei 2024 redio zilipotangaza Kimbunga Hidaya, bibi yangu kule Kilwa alianua nguo, akafunga madirisha, akaingiza kuku ndani. Upepo alijiandaa nao vizuri, maji hakuyawazia kabisa. Kumbe kilichokata barabara ya Lindi kwenda Dar pale Somanga ni maji. Kwa bibi, kimbunga ni kile kinachozungusha vumbi uwanjani. Mimi nasema neno tunalo: tufani. Limetoka Kiarabu, na katika Kurani (Al-Ankabut, aya ya 14) ndilo lililowachukua watu wa Nuhu. Maji yamo humo humo ndani ya neno. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitumie.

Dodoma Kwetu: Umechanganya mambo, mkuu. Cha vumbi uwanjani ni kisulisuli, wengine husema chamchela. Eliya alipanda mbinguni kwa nini? Upepo wa kisulisuli, 2 Wafalme 2. Halafu fungua Yona 1: Bwana alituma upepo mkuu, "ikawa tufani kubwa baharini". Maji ya Nuhu, Biblia yetu inayaita gharika. Sasa hiyo tufani yako ni upepo au maji? Naona inategemea mtu kalelewa na kitabu gani.

Mwana Kilwa: Si ndiyo utamu wake! Inabeba vyote viwili. Hidaya nayo ilikuja na vyote viwili. (Na jina lenyewe jamani, hidaya! Tunu gani hiyo ya kuvunja madaraja?)

Binti Pemba: Mnabishania vitabu, mimi nawaambia ya pwani. Mvuvi akikwambia jana kulikuwa na tufani, hana maana kwamba dunia imekwisha. Bahari ilichafuka, kachelewa kurudi, basi. Mkimtangazia tufani atasema hii nimeshaizoea, atapakia nyavu zake aende. Kile cha Aprili 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja mashamba kwa mashamba, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa ya kwetu. Cha Aprili 1952 kikaipiga Lindi. Vitu vya namna hiyo mnataka viitwe kwa neno la mvuvi aliyechelewa chakula cha usiku?

Dodoma Kwetu: Hapo dada kamaliza. Isitoshe "kimbunga" watoto wanakisoma shuleni, kiko vitabuni na kwenye taarifa zote. Huwezi kubadili neno katikati ya hatari.

Mwana Kilwa: La mvuvi limenishika, nakiri. Nilikuwa sijalifikiria. Haya, kimbunga kibaki. Ila mtangazaji asianze na kasi ya upepo kwa saa, hizo namba bibi hazimwambii kitu. Aanze na maji: mvua itakuwa kubwa kiasi gani, mto gani utafurika, barabara ipi isipitwe. Bibi anachotaka kujua ni kama kuku waingie ndani au wapandishwe darini.