Mahafali ya binti yangu: nimtaje dada yangu mbele ya watu?

Baba wa Nansio
Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Binti yangu wa kwanza anahitimu kidato cha nne mwezi ujao, shule ya bweni ya masista hapa Mwanza. Asubuhi misa ya shukrani, kisha wahitimu wanaingia ukumbini kwa ule mwendo wao wa kucheza, risala kwa mgeni rasmi, vyeti, halafu pilau. Kamati imenichagua nitoe neno kwa niaba ya wazazi. Dakika tano.

Nina jambo moja tu moyoni. Mwaka 1988 dada yangu alimaliza darasa la saba kwetu Ukerewe, akapata nafasi shule ya masista. Mwalimu mkuu alileta barua mwenyewe mpaka nyumbani. Baba akauza ng'ombe. Wiki moja kabla ya safari akageuka: fedha ile iningoje mimi, niliyekuwa darasa la sita, kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume. Dada akaolewa na miaka 15. Mimi nikasomeshwa kwa ng'ombe wake, na leo ni mwalimu.

Dada yangu anaanika dagaa ufukweni hadi leo. Miaka minne hii, kila shule ikifunguliwa, hunitumia fedha ya gunia moja. "Hiyo ni ya shangazi, usiichanganye na yako." Bila gunia lile binti asingefika hapa.

Nataka kulisema hili mbele ya watu. Ila naogopa kumwaibisha dada, na baba ni marehemu. Pia kadi za wageni ni mbili tu, yangu na ya mama yake. Mngefanyaje?

Mama Watatu
Milele amina. Kaka, la kadi lisikuumize. Mpigie Sista Mkuu umweleze kama ulivyotueleza. Mimi niliomba ya tatu kwa ajili ya bibi, nikapewa siku hiyo hiyo. Na shangazi asikae nyuma na mabegi! Mshonee kitenge cha sare ya familia, awe yeye wa kwanza kumvika binti shada.

Mwalimu Mstaafu
Mwanangu, marehemu baba usimhukumu kwenye kipaza sauti. Sema alichofanya, basi. Wazee wengi walifanya vile, na sheria iliwaunga mkono: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Ni mwaka 2019 tu Mahakama ya Rufani ilipokubaliana na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Halafu wewe ni wa Ukerewe! Mama Getrude Mongella ametoka kisiwa hicho hicho. Aliondoka akiwa mtoto kwenda kusoma kwa masista wa Maryknoll, Morogoro, shule ambayo leo ni Kilakala. Mwaka 1995 akawa Katibu Mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing, na 2004 Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Wasichana wale wasikie kwamba kutoka kisiwa kimoja, mmoja alivuka ziwa na mwingine alibaki na barua yake.

Binti wa Bweni
Nilihitimu kwa masista pia. Siku ile unakuwa na joho na maua, lakini kichwani una mtihani wa taifa wa Novemba. Hotuba za "someni kwa bidii" zilinipita zote. Ya dada yako ningeikumbuka chumba cha mtihani. Ila baba, ruhusa ni yake. Muulize kwanza.

Baba wa Nansio
Nimempigia jana usiku. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akanisahihisha: ng'ombe walikuwa wawili, si mmoja. Na barua anayo. Miaka yote hii imo kwenye sanduku la bati chini ya khanga zake, pamoja na orodha ya vitu vya kwenda navyo: shuka mbili, ndoo, jembe. Mumewe hajawahi kuiona.

Akasema, "Sema yote. Nitakuja nayo, nimwoneshe mwanangu."

Sista ametoa kadi ya tatu. Dada anapanda meli Ijumaa, nitampokea bandarini.