Wakuu, gofu Hong Kong inachezeka kwa mtu wa kawaida au ni ya matajiri tu?

Mabondo_Igombe:
Habarini wakuu. Mi nipo Mwanza, kazi yangu mabondo ya sangara (kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa samaki), na mwezi wa kumi Mungu akijalia nina safari ya Guangzhou alafu navuka Hong Kong kuonana na wanunuzi wangu pale Sheung Wan, ile mitaa ya vyakula vikavu vya baharini, waliofika wanaijua, mabondo ya kwetu yananing'inia madukani pale na bei yake ukiisoma unaweza ukakaa chini. Sasa shida yangu sio biashara. Mi mpenzi wa gofu, nilijifunzia uwanja wa Lugalo kipindi naishi Dar, na tangu nirudi kanda ya ziwa nikitaka mchezo wa maana navuka zangu Kisumu au Entebbe. Kule Hong Kong nitabakiwa na siku moja haina kazi na nataka niitumie uwanjani, ila kila ninayemuuliza ananiambia mji ule watu wamebanana kama nini na viwanja vyote ni vya wanachama, mgeni hupiti hata getini. Ni kweli? Na fimbo nibebe zangu au zinakodishwa? Mama watoto ameshasema hiyo siku ni ya kumtafutia viatu kwahiyo naombeni majibu yenye uzito nikamuoneshe 😂

Nyegezi_Kona:
Mkuu wamekutisha bure. Klabu za wanachama ni kweli zipo na zina pesa ndefu, ila kuna kiwanja cha umma kinaitwa Kau Sai Chau, kipo kisiwani upande wa Sai Kung, kilifunguliwa 1995 na kilijengwa kwa hela za Jockey Club, wale wa mbio za farasi. Kina viwanja vitatu vya mashimo 18, North, South na East. Hizo North na South alizichora Gary Player mwenyewe yule wa Afrika Kusini. Kabla ya hapo hicho kisiwa jeshi la Waingereza lilikuwa linakifanyia shabaha za mizinga, sasa hivi ukisimama kwenye grini, pale penye shimo, unaona bahari na milima tu huwezi kuamini upo mji uleule wa maghorofa.

Kufika: panda MTR, treni yao ya mjini, ushuke Diamond Hill, chukua basi namba 92 mpaka mwisho Sai Kung mjini, alafu unatembea mpaka gati lao unapanda feri ya kiwanja chenyewe, ni kama tulivyokuwa tunavuka Kigongo Busisi kabla ya daraja tofauti ni kwamba hii haikusubirishi mpaka lori la ng'ombe lishuke. Nunua kadi ya Octopus ukifika tu airport, hiyo unagonga kwenye treni, basi, minibasi, hadi maji ya dukani.

Sasa sikiliza hapa ndo pa muhimu. Bei ya mgeni ni kubwa kuliko ya mkazi na wikiendi inapaa zaidi, kwahiyo panga siku yako iangukie Jumanne au Jumatano huko, na uandike nafasi mapema kabla hujatoka Mwanza, usiende ukasimama getini ukitegemea huruma. Chukua asubuhi. Chagua South kama handikapu yako (ile namba ya kupimia uwezo wa mchezaji) ni ya kawaida, North itakula mipira yote uliyonayo maana mabonde ni mengi na upepo wa bahari haueleweki, na East ni lazima uchukue kigari, gharama inaongezeka. Bei zipo kwenye tovuti yao ziangalie siku unayoandika nafasi. Kubadilisha ni rahisi, dola ya Hong Kong imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, inacheza 7.75 mpaka 7.85 haitoki hapo, kwahiyo gawa kwa 7.8 alafu zidisha kwa shilingi.

Fimbo usibebe. Kodi kulekule. We una mizigo ya Guangzhou, begi la fimbo linakula nafasi ya begi zima la bidhaa, na ukiwa nalo kwenye MTR saa mbili asubuhi watu wanaenda kazini watakuangalia jicho hilo. Beba viatu, glavu na mipira yako basi. Na kile cheti cha handikapu kama unacho kiweke kwenye simu, viwanja vingi vya nje wanakiulizia.

KamangaBoy:
Mi gofu naijua ya Jinja tu, ile ambayo mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko sheria inakuruhusu uutoe bila adhabu. Sasa huko Hong Kong wana sheria gani, mpira ukitumbukia kwenye balkoni ya mtu ghorofa ya 40? 😂😂

Dada_Mwaloni:
Kamanga we mpuuzi sana 😂

Kaka yangu wa mabondo, mi pia naenda China kibiashara, gofu siijui hata inavyohesabiwa ila nikusaidie kwenye la viza maana hilo ndo linawaliza watu. Ukitoka Guangzhou ukavuka kwenda Hong Kong unahesabika UMETOKA China. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja imekwisha hapo, huwezi kurudi Guangzhou kufunga mzigo wako. Omba ya kuingia mara mbili tangu ubalozini Dar. La sivyo panga Hong Kong iwe mwisho, unapandia ndege hukohuko kurudi nyumbani. Pili, mwezi wa kumi ndo maonesho ya biashara ya Canton yanaanza, hoteli za Guangzhou zinapanda bei hadi inakera, hivyo lala siku chache kule.

Ila na mimi niseme langu kaka usikasirike. Hong Kong kuna watu wanaishi chumba kimegawanywa vipande, mtu analala, anapika na choo hapohapo, nafasi huwezi hata kunyoosha miguu vizuri, na kodi analipa ya kutisha. Mi nikiona majani ya kijani yametandazwa hekta na hekta kwa ajili ya watu wanne kusukuma kampira, roho inaniuma kidogo. Sisemi usicheze. Nasema tu.

Mzee_Makongoro:
Binti umegusa penyewe, na huko kwao ndo ugomvi wenyewe. Kule Fanling kuna Hong Kong Golf Club, klabu ya tangu 1889, ina viwanja vitatu kwenye hekta kama 170 za ardhi ya serikali, mashindano ya Hong Kong Open yanachezwa pale tangu 1959. Walipigiwa kelele miaka mingi kwamba watu hawana nyumba, mpaka tarehe 1/9/2023 serikali ikachukua hekta 32, mashimo 8 ya ule uwanja wa zamani, ikisema panajengwa nyumba za umma. Wanachama nao wakaja na hoja za miti mikubwa na makaburi ya kale. Kesi zikafunguliwa.

Lakini tusidanganyane kwamba Hong Kong watu wamebanana kwa sababu ya gofu. Mji una watu milioni 7.5 hivi na eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 1,100, na karibu asilimia 40 ya ardhi hiyo ni hifadhi na milima isiyoguswa. Watu wamesongamana kwenye kipande cha tambarare na ardhi iliyofukiwa baharini. Sisi wa Mwanza hatukimbii mlima, pale Mabatini na Igogo mtu anaweka nyumba juu ya jiwe na maji anapandisha kichwani, wao wameamua mlima ubaki mlima. Nani ana akili zaidi mi sijui, ila Kau Sai Chau ambako huyu kijana anatumwa ni kisiwani, hakuna mtu aliyehamishwa pale ujengwe mtaa wa ghorofa, na ni cha umma, dereva wa taksi akiwa na hela yake anaingia. Kama roho inakusuta kijana cheza pale, Fanling waachie wenyewe. Na hata hivyo Fanling mgeni kwa kawaida ni siku za kazi tu na bei yake ni ya kumtosha mwenye meli.

Mabondo_Igombe:
Mzee shikamoo, na dada asante sana hiyo ya viza nilikuwa naenda kuomba ya mara moja kabisa. Nyegezi_Kona mkuu ubarikiwe. Swali la mwisho, kuna jamaa kaniambia nikae hukohuko bara niende Mission Hills Shenzhen, vipi?

Nyegezi_Kona:
Mission Hills ni balaa nyingine, viwanja vilifikia 12, mashimo 216. Na kule unapewa kedi, mtu wa kukubebea fimbo, wengi wakina dada, wanakusomea grini vizuri sana. Ila ni siku nzima na unahitaji usafiri, pale ni mapumziko ya matajiri wa China na kila kitu kinalipiwa. Kwa mtu mwenye siku moja na tayari upo Sheung Wan, ukirudi mpaka Shenzhen utamaliza siku kwenye foleni ya uhamiaji.

Cha kuangalia zaidi ni hali ya hewa. Mwezi wa kumi ndo mzuri, joto limepungua, lakini vimbunga havijaisha kabisa. Wakipandisha ishara namba 8 ya tahadhari ya kimbunga mji mzima unafungwa, na feri hazitembei. Kwahiyo usiweke gofu siku ya kuamkia safari, weka mapema, ili ikiharibika una pa kuisogeza.

Mabondo_Igombe:
Poa, basi naiweka Jumatano asubuhi, South. Viatu vya mama watoto nitavinunua jioni nikirudi, ila namba ya mguu wake bado hajanitumia, na nikimuuliza anasema ningekuwa namjali ningekuwa naijua.