Hema la mtu mmoja la kuvulia kwenye barafu: nichukue lipi?

Kutoka: Kijana wa Musoma, St. Cloud

Wakubwa shikamooni, wenzangu poleni na baridi.

Huu ni msimu wangu wa tatu Minnesota na nimechoka kujifungia ndani kuanzia Novemba. Jumamosi jirani alinipeleka ziwani. Tukatoboa barafu, tukakalia ndoo, upepo tukaupa mgongo. Nilivua perch wanne (msidhani ni sangara, hawa wanaenea kiganjani) na nusura niache vidole huko. Mtu aliyekulia Musoma hafundishwi kumngoja samaki. Kilichonishinda ni ule upepo.

Sasa nataka hema langu mwenyewe, la mtu mmoja, maana mimi napumzika Jumanne na Jumatano wakati wenzangu wote wako kazini. Dukani nimeona aina mbili. Moja inakunjwa kama mwavuli na kuingia kwenye mfuko. Nyingine imefungwa juu ya sleji (kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburuta kwenye theluji), ukifika unaivuta kichwani kama kofia ya koti. Nina Corolla, sina pikipiki ya theluji, naishi ghorofa ya pili. Nisaidieni kabla sijatupa hela.

---

Kutoka: Baba Neema, Brainerd

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri kwa sababu umetaja gari na ngazi. Wengi huuliza rangi.

Mimi ni mtu wa hema la sleji tangu nianze. Huku wanaliita Fish Trap hata kama ni la kampuni nyingine, kwa jina la lile lililobuniwa na Dave Genz, mvuvi wa hukohuko kwenu St. Cloud. Uzuri wake ni kwamba sleji ndiyo sakafu, ndiyo mkokoteni na ndiyo kiti. Vitu vyote vinakaa mle. Ukifika unatoboa shimo, unakaa, unavuta kitambaa kwa mkono mmoja, kazi imekwisha. Shimo likikataa kwa nusu saa unakirudisha nyuma, unasogea hatua hamsini, unatoboa lingine. Na mvuvi wa barafu anayekaa shimo moja kutwa nzima anavua usingizi.

Lakini sikufichi ubaya wake. La mtu mmoja likiwa tupu lina kilo 25 hivi, na yako yanayokaribia 40. Ongeza keekee, hita, mtungi wa gesi, ndoo, chakula. Kisha kumbuka kwamba barafu si sakafu ya benki. Wiki theluji ikiwa ya magotini utavuta kama punda wa Lamu, na jasho utakalotoa litakugandia mgongoni ukishakaa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua lililotumika, zito, la watu wawili, eti nafasi ya kujinyoosha. Nililivuta kilomita moja na nusu, nikafika nimelowa, nikavua dakika arobaini, nikarudi nyumbani kuumwa. Muuzaji naye hakuniambia kwamba bomba moja la fremu lilikuwa limepasuka. Ukienda kununua la mkononi, lifungue lote palepale, vuta kila zipu, tazama kwenye mikunjo kama panya hawajatoboa.

Pima buti ya Corolla kwa futi kabla hujaenda dukani. Sleji nyingi zina urefu unaokaribia mita moja na nusu. Viti vya nyuma vikilala baadhi zinaingia, nyingine kamwe.

---

Kutoka: Mama Imani, Brooklyn Park

Baba Neema anasema ukweli, lakini ni ukweli wa mtu mwenye pikapu na gereji. Mimi nina gari dogo na mgongo uliozaa mara mbili. Natumia hili la mwavuli. Mfuko wake ni mrefu kama jamvi lililokunjwa, unalala kwa kukata kona kwenye viti vya nyuma, na hauzidi kilo 12. Ngazi napanda nalo begani.

Shida yake ni moja tu na inaitwa upepo. Mwaka juzi pale Medicine Lake nililisimamisha kwanza, nikasema nitapigilia skrubu baadaye. Jameni! Hema liliondoka bila mimi. Liliviringika hadi karibu na ng'ambo, watu wametoka kwenye vibanda vyao wananiangalia nikikimbia na mabuti ya mwanaume. Tangu siku hiyo nafanya hivi: kabla sijasukuma ukuta wowote kutoka, nafunga kona ya upande upepo unakotokea kwa skrubu ya barafu. Halafu nausukuma ukuta wa upande huohuo kwanza. Kona zilizobaki zinafuata, kisha kamba za kando. Skrubu zigeuze kwa keekee ndogo ya betri, kwa mkono utalia. Wakati wa kukunja, ile kona ya upepo ndiyo ya mwisho kufunguliwa.

Jambo ambalo wanaume huwa hawalisemi: nunua lenye kitambaa cha tabaka, kile kilichotiwa kitu kama pamba katikati. Nilianza na la kitambaa kimoja kwa kuwa ni rahisi na jepesi. Ukiwasha hita, pumzi yako inapanda darini, inakuwa maji, inakudondokea shingoni. Ukizima, yale maji yanageuka barafu na hema linakataa kukunjika. Lenye pamba linaongeza kilo kadhaa, ila utakaa mkavu na gesi itadumu.

Na ukirudi nyumbani lianike siku hiyohiyo. Mimi hulitundika bafuni juu ya pazia la kuogea. Watoto wamezoea.

---

Kutoka: Baba Esperance, Moorhead

Bandugu, jambo kwenu wote. Mutanisamehe Kiswahili changu cha Uvira. Nasoma habari ya sleji na mwavuli, lakini nataka kusemea hita, maana hema lolote utakalochukua, hita itaingia ndani.

Kwetu tunajua babula ya makala (jiko la mkaa) inavyoua watu kwenye chumba kilichofungwa. Hita ya gesi ndani ya hema inaweza kufanya vilevile. Inatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu; haina harufu, haina moshi. Unasikia kichwa kinauma, unasikia usingizi, unafikiri ni uchovu. Kwa hiyo ukichagua hema, angalia matundu ya hewa: liwepo la juu, na uwe unaweza kuacha zipu ya mlango wazi kidogo chini. Hema la mtu mmoja ni dogo, hewa yake inaisha haraka kuliko ya kubwa. Chukua hita inayojizima yenyewe oksijeni ikipungua, na kale kadude ka betri kanakolia kakinusa hiyo gesi. Usikanunue halafu ukakaacha kwenye gari.

Hita usiiweke juu ya barafu, itazama kidogo kidogo na kulala upande. Weka ubao. Na kwenye hema la sleji, kitambaa kinapita karibu na bega lako, jua moto utakaa wapi kabla hujalipa. Mimi dukani nilikaa ndani kabisa, nimevaa koti na mabuti, nikanyoosha mkono kama navuta samaki. Kijana wa duka alicheka. Mufuko ni wangu.

---

Kutoka: Baba Neema, Brainerd

Baba Esperance umenikumbusha. Kijana, hema lisikupe ujasiri wa kijinga. Idara ya Maliasili ya Minnesota inasema angalau inchi 4 za barafu mpya, safi, kwa mtu wa miguu. Barafu nyeupe yenye theluji ndani yake ni dhaifu, idai unene maradufu. Piga shimo la kupimia kila unapozidi kusonga, usitegemee nyayo za jana. Vaa jaketi la kuokolea, na zile sindano mbili za kujivutia juu ya barafu ukitumbukia zining'inie shingoni, si kwenye begi. Unakwenda peke yako katikati ya wiki, kwa hiyo mtu fulani ajue ziwa gani na saa ngapi unarudi.

Sheria: hema linalokunjwa halihitaji leseni yake mradi hulitelekezi pale barafuni. Leseni yako wewe ya kuvua ni lazima, na mwaka wake unaisha mwisho wa Februari hata ukiinunua Januari. Kama unajaribu tu, kuna ya saa 24 na ya saa 72. Kwenye barafu unaruhusiwa mishipi miwili.

---

Kutoka: Kijana wa Musoma, St. Cloud

Wakubwa, asanteni sana. Nimepima buti. Sleji ya kwanza ilizidi kwa upana wa kiganja. Ya pili, fupi zaidi, iliingia viti vikilala, lakini nilipojaribu kuibeba ngazini nilipumzika mara mbili na jirani wa chini akatoka kuuliza kuna nini. Mjadala ukaishia hapo. Nimechukua la mwavuli, la pamba, kilo 11, na skrubu mbili za akiba kwa heshima ya Mama Imani. Kifaa cha kunusa gesi kipo tayari, betri imo. Baba Neema, siku nikipata gereji nitakuja kwako kujifunza sleji.

Limebaki jambo moja. Mke wangu amekubali hema, amekubali hita, ila kikopo cha funza wa chambo kwenye friji amekataa katakata. Ninyi huwa mnawaweka wapi?

---

Kutoka: Mama Imani, Brooklyn Park

Shemeji, nyumbani tafuta kona ya baridi isiyogandisha, mbali na unga wa mkeo. Ziwani, mfuko wa ndani wa koti. Usisahau kuwatoa kabla koti halijaenda kufuliwa.