Ndege wa uani: wewe unawatambuaje? Tupeane uzoefu

Wakuu salaam. Nipo Kigamboni, uani nina mpapai, mlimao na ua wa mchongoma. Ndege hawakauki na watoto hawaishi kuniuliza majina. Mimi naanza na umbo, halafu ulaji na mruko, rangi naiweka mwisho. Shore, kwa mfano, ukimwona kwa juu ni kahawia tupu na kichwa cheusi chenye kishungi kidogo. Subiri ainame kudonoa papai: manjano ile chini ya mkia ikitokeza, hakuna ubishi tena. Wenzangu mnatumia alama gani?

*Mdau wa Tanga:*
Kwangu ni chozi. Dume anameta juani, jike ana rangi ya majani makavu, ukifuata rangi utaapa ni ndege wawili tofauti. Angalia mdomo: wote wawili ni mwembamba, umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Jike ndiye fundi, anashikiza kiota kwa utando wa buibui. Safari hii kakitundika kwenye kamba yetu ya kuanikia, basi nguo tunaanika kwa jirani.

*Mdau wa Moshi:*
Msisahau mbayuwayu na teleka, watu wanawachanganya sana. Aliyetua kwenye waya wa umeme ni mbayuwayu. Teleka hatui pale hata siku moja, miguu yake ni ya kujishikiza ukutani tu. Akiwa angani mabawa yake ni membamba, marefu, yamepinda kwa nyuma.

*Mdau wa Unguja:*
Nyie mna raha. Huku ni kunguru, kunguru, kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu ndiye wa Kihindi, aliletwa hapa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka za mji. Kunguru wetu wa asili ana kifua na shingo nyeupe. Hao shore na chozi mnaowasifia, mayai yao huku ndiyo chai ya asubuhi ya huyo mgeni.

*Mdau wa Mwanza:*
Na mnana je? Nina wa manjano chungu nzima kwenye mnazi mmoja.

*Mdau wa Moshi:*
Mkuu, kwa hao nenda kwenye jicho. Wapo wenye jicho jekundu, wapo wenye jicho jeupe, na hao si aina moja hata kama wote wana uso mweusi. Madume ndiyo yanayofuma. Jike anakuja, anakagua, akikikataa kiota dume anakifumua na kuanza upya. Msimu ukiisha aina nyingi dume hupauka akafanana na jike, hapo ndipo kazi inakuwa ngumu, bora uwatazame sasa.

*Mleta mada:*
Dada wa Tanga, tuwekee picha ya hicho kiota kabla makinda hayajaruka. Wa Unguja, pole sana ndugu yangu. Na kuna yeyote anayemfuga kuku karibu na mwewe? Nataka habari za ule mkia wenye panda.