Mrejesho: Stereo kwa hedi moja ya gitaa

Wakuu, niliuliza kama pedali yangu ya korasi (inayofanya sauti iwe kama ya magitaa mengi) na dilei (mwangwi), yenye matundu mawili ya kutolea sauti, inaweza kunipa stereo kupitia hedi moja, yaani ampu ya gitaa isiyo na spika ndani. Asanteni sana, imewezekana.

Hedi ni mono, yaani ina njia moja tu ya sauti. Hata ukiifungia spika mbili, zote zitatoa kitu kilekile. Kwa hiyo sasa waya wa sendi (tundu la kutoa sauti kwenda kwenye pedali) nyuma ya hedi unaingia kwenye pedali, tundu la kushoto linarudi kwenye ritani (tundu la kuirudisha kwenye hedi), la kulia linakwenda kwenye ampu ya pili yenye spika yake.

Ukaja mngurumo, ule wa umeme wa hezi 50. Aliyeshauri kisanduku cha DI (cha kupitishia sauti ya ala) chenye transfoma, nikate njia ya ethi (waya wa ardhini) kwenye waya wa sauti wa ampu ya pili, Mungu ambariki: ukanyamaza palepale. Ethi ya plagi msiiguse kabisa, inalinda uhai.

Besi nayo ilikuwa nyembamba ampu zote zikilia pamoja, kwa kuwa spika moja ilisukuma huku nyingine ikivuta. Nikabadilishana chanya na hasi kwenye spika moja, ikajaa vizuri mno!

Jumapili tunapiga kanisani. Dilei nitaipunguza, maana waliokaa pembeni husikia upande mmoja tu.