Kumpakia kijana wa unga kwenye mtumbwi wa dagaa "akapone kisiwani": inatibu?

Mwalo_Kayenze:
Habari za jioni wadau. Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi hii ya waraibu, kwa sababu hapa mwaloni kila mtu ni daktari.

Kuna desturi imeota mizizi hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Igombe na huku Kayenze. Kijana akiingia kwenye unga, familia inazungumza na mwenye mtumbwi, anapakiwa kwenda kambi ya dagaa, Ukerewe au Ukara, akae giza lote (zile wiki zisizo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa) mbali na maskani yake. Mbalamwezi ikianza kambi inapumzika, mahesabu yanafanyika, anashika chake na kurudi mjini. Wazee wanasema arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, itamtoka kwa kazi na uji.

Safari hii wako wawili. Wa kwanza ana miaka 24, anavuta heroini kwenye kokteli (imechanganywa na bangi au tumbaku), kete nne hadi tano kwa siku, na miezi ya karibuni ameanza kujidunga. Wa pili ana miaka 31, yeye wanasema ni kokeini, na pombe kali kila siku. Mtumbwi unaondoka baada ya siku sita. Kisiwa kinatibu kweli? Kama dawa ni methadoni, ile ya hospitali inayotolewa badala ya heroini, wapelekwe wote wawili? Na mtu anayetakiwa kunywa dawa mjini kila asubuhi atavuaje dagaa?

Mfamasia_Igoma:
Mkuu, umefanya vyema kuuliza kabla mtumbwi haujaondoka. Nianze na wa heroini, kwa sababu kwake hatari iliyo kubwa kuliko zote inamngoja siku ya kurudi.

Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya kete ya mwisho: mafua, miayo, vipele vya baridi, kisha tumbo kukata, kutapika, kuharisha, miguu kurukaruka, kukosa usingizi. Hukaza zaidi siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi mwili hutulia kati ya siku ya 5 na ya 10. Mara nyingi haiui yenyewe. Kinachoua ni upungufu wa maji kwa mtu anayetapika na kuharisha juani bila kunywa kitu. Kwa hiyo ni kweli, kambini arosto itamtoka, na hapo ndipo wazee wanapoona amepona.

Sasa tazama mwili wake ulivyo wiki ya tatu. Ule uzoefu uliomwezesha kubeba kete tano kwa siku umeshuka. Ubongo wake lakini bado unaikumbuka dawa na unaitaka. Anashuka Kirumba na mahesabu ya giza zima mfukoni, anakwenda maskani ileile, anajidunga kipimo kilekile cha zamani. Pumzi inapungua mpaka inasimama. Hesabu ni hiyohiyo kwa anayetoka mahabusu, na kwa anayetoka soba hausi (nyumba ya kuwaweka waraibu waache) iliyomkausha bila dawa wala ufuatiliaji. Kisiwa kinaondoa uzoefu wa mwili na kuacha uraibu palepale, halafu kinampa fedha za mkupuo. Ukitaka kupanga mazingira ya mtu kuzidisha dozi, huwezi kupanga vibaya zaidi ya hapo.

Muuguzi_MAT:
Nakubaliana na Mfamasia, naongeza upande wa matibabu.

Kliniki ya methadoni kwa Mwanza iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekou Toure. Huduma hii nchini ilianza Muhimbili mwaka 2011, na mgonjwa halipii dawa. Wengi huletwa na waelimishaji wa mashirika ya kijamii wanaozunguka maskani. Kama humfahamu hata mmoja, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize utaratibu. Atapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu, atazungumza na mshauri, ndipo aanze. Kwa kuwa ameshaanza sindano, hivyo vipimo ni vya lazima hata kama familia inaona aibu.

Dawa ni ya maji, anainywa mbele ya mhudumu, kisha anaongea kidogo ili ionekane ameimeza. Siku ya kwanza huwa haizidi mg 30, na lazima aje ana dalili za arosto. Akija amelewa hapewi, hata abembelezwe na mama yake. Hupandishwa taratibu, mg 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa, na wengi hutulia kati ya mg 60 na 120. Familia hulalamika: "mbona mnampa kidogo, usiku anateseka?" Sababu ni kwamba methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo dozi ya leo inapandia mabaki ya jana na juzi. Anayeharakishwa anaonekana mzima siku ya kwanza na ya pili, usiku wa tatu au wa nne analala moja kwa moja. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kulindwa kuliko zote: asichanganye na pombe, diazepamu (vidonge vya kutuliza na usingizi) wala kete ya "kusindikizia".

Kuhusu dagaa nitasema wazi. Kwa miezi ya mwanzo, methadoni na kambi ya kisiwani haviendi pamoja. Kliniki hutoa dawa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Akikosa siku moja au mbili kwa kawaida huendelea na dozi yake. Akikosa tatu, ni lazima atathminiwe na mara nyingi dozi hupunguzwa. Akikosa tano au zaidi anaanzishwa upya chini kabisa, kwa sababu dozi yake ya zamani sasa inaweza kumuua. Kwa hiyo akirudi baada ya kukosa, aseme kweli idadi ya siku. Wengi hudanganya wakiogopa kushushwa, na huo uongo unagharimu maisha.

Msimwombee chupa ya kubeba kisiwani. Ruhusa ya kuondoka na dozi ni kwa mgonjwa aliyetulia kwa muda, na chupa hukaa kwenye kisanduku chenye kufuli. Mg 10 tu zinaweza kumuua mtoto mdogo. Hebu fikiria chupa hiyo kwenye kambi ambako watu kumi wanalala banda moja na kila kitu kinanyweka kwenye kikombe kilekile.

Jambo moja ambalo huangusha wengi: akigundulika na kifua kikuu na kuanzishwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, ini litaichoma methadoni haraka na arosto itarudi ndani ya wiki moja au mbili. Watu humwona amerudia unga, kumbe dozi haitoshi. Kliniki zote mbili, ya kifua kikuu na ya methadoni, ziambiwe mwenzake inatoa nini.

Ushauri_Nyakato:
Niwageukie wa kokeini, maana wengi humsahau.

Kwanza mhakikishe kweli ni kokeini. Unga mweupe wa mtaani hauna cheti. Mtu akiwa amelewa heroini mboni za macho hubana kama ncha ya sindano, anasinzia, anajikuna. Kokeini hupanua mboni, moyo unaenda mbio, anaongea bila kituo, hali chakula. Kipimo cha mkojo kinamaliza ubishi, ila kila dawa ina kipande chake cha kupimia: cha heroini hakioni kokeini, wala hakioni tramado, vidonge vya maumivu. Mabaki ya kokeini huonekana kwenye mkojo siku mbili hadi nne, zaidi kidogo kwa mtumiaji mzito.

Kama ni kokeini, methadoni haimhusu. Methadoni inakaa kwenye milango ya ubongo inayopokea heroini na jamii yake, kokeini inapita njia nyingine kabisa, na mpaka sasa hakuna dawa ya kumeza iliyoidhinishwa kuondoa uraibu wa kokeini. Akiacha hatapiki wala kuharisha. Analala siku mbili tatu, anaamka na njaa, kisha linamshukia giza la moyo: hana hamu ya chochote, anakasirika, wengine wanawaza kujiua. Mtu katika hali hiyo asiachwe peke yake, na mahali pabaya kuliko pote pa kumweka ni kwenye mtumbwi usiku.

Kinachofanya kazi ni ushauri wa mara kwa mara unaochambua saa na mahali tamaa inapomjia, pamoja na zawadi za papo kwa papo. Hupimwa mkojo mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi, ili pasipatikane mwanya wa kutumia na kujificha. Mkojo ukiwa safi anapata kitu kidogo, vocha au sukari, na thamani inapanda kila akipita mfululizo. Ukichafuka zawadi inarudi ya kwanza, bila matusi wala fimbo. Watu huona kama kumhonga mtu mzima, lakini kwa kokeini ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mzuri kuliko zote.

Hofu yangu kubwa kwake ni pombe. Mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48, na siku ya pili hadi ya nne akachanganyikiwa, akatoka jasho, akaona vitu visivyokuwepo. Arosto hii inaua, na kisiwani hakuna atakayejua kinachotokea. Huyu aonwe hospitali kabla ya kuacha, Sekou Toure au idara ya afya ya akili ya hospitali ya Bugando, apunguziwe kwa dawa na vitamini B1. Pia kokeini ikikutana na pombe, ini hutengeneza kokaethileni, inayodumu mwilini kuliko kokeini na kuuchosha moyo zaidi. Akilalamika kifua kinambana, kimbieni naye, na daktari aambiwe ni kokeini. Zipo dawa za presha, kama propranololi, ambazo hapo hazifai, na daktari hawezi kubahatisha mlichoficha.

Mwalo_Kayenze:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Mwenye mtumbwi amesoma yote haya, amekubali wabaki. Wa kwanza atafanya kazi nchi kavu Kirumba, kuanika dagaa na kushona nyavu, baada ya kunywa dawa. Mwenye mtumbwi anauliza: tukimkuta yeyote amezidisha dawa, tufanye nini kabla ya gari kupatikana? Huku watu humwagia maji au kumnywesha maziwa. Na malipo ya huyo kijana wa kwanza yashikiliwe na mama yake?

Muuguzi_MAT:
Maziwa hapana, atapaliwa. Maji ya ziwa hapana, wala sindano ya chumvi. Mwite kwa nguvu, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole. Haamki, anakoroma kama anayesukutua maji, midomo imegeuka ya kijivu, anavuta pumzi moja kwa sekunde sita au zaidi: huyo anakufa. Tuma mtu akatafute chombo. Mlaze chali, safisha mdomo, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano mpaka apumue mwenyewe. Akipumua, mlaze ubavu. Mapigo yakikosekana, kandamiza kifua.

Hospitali watampa naloksoni, dawa ya kuzima heroini na methadoni mwilini, na ataamka ghafla akidai kuondoka. Msimruhusu. Naloksoni inafanya kazi dakika 30 hadi 90, methadoni zaidi ya siku. Anaweza kuzama tena akiwa kwenye daladala.

Ushauri_Nyakato:
Malipo ni yake, yasishikiliwe bila ridhaa. Kaeni naye akiwa mtulivu, mkubaliane alipwe kila jioni au kila wiki badala ya mkupuo wa mbalamwezi, na sehemu iingie moja kwa moja kwenye kodi na nauli ya kliniki. Nauli ndiyo inayowatoa wengi kwenye dawa, kwa hiyo akikaa kwa ndugu aliye karibu na mjini kwa miezi mitatu ya kwanza itasaidia kuliko mahubiri yoyote.

Msingoje siku sita ziishe. Kesho pigeni 119. Siku watakayowapangia, kijana wa heroini aende asubuhi akiwa hajatumia tangu usiku, asindikizwe na mtu mmoja wa familia asiyemgombeza njiani. Kama hana kitambulisho, nendeni hivyohivyo.